Alhamisi na Ijumaa za Thacienne

Ukifika vijiji vya nyuma ya Kasokola ukauliza habari za Ernestine, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba mama huyu ni mkorofi. Usibishane nao. Mwenyewe akisikia hucheka, anasema mkorofi ndiye anayefika mjini na mtoto wake, mpole yuko nyumbani na wa kwake kamfungia ndani. Halafu huwataja hao wapole kwa majina, mmoja mmoja, ndiyo maana baadhi yao hawamsalimii mpaka leo.

Ni mwanamke mfupi, miaka thelathini na minne, mkulima wa mahindi na maharage, na sauti yake ikitoka haimuulizi jirani kama amelala. Alizaliwa Katumba, kwenye familia ya watu waliokuja kutoka Burundi, akaolewa huku. Mume wake, Ladislas, muda mwingi yuko Karema anapakua mizigo ya dagaa, huja nyumbani kila baada ya miezi miwili na gunia lake begani. Wana mtoto mmoja tu, Thacienne, binti wa miaka tisa, na mtoto huyo ndiye aliyemfanya mama yake aitwe mkorofi.

Thacienne alichelewa kusema. Akiitwa hageuki. Redio ikifunguliwa kwa jirani anaziba masikio na kujikunja kama aliyepigwa. Basi maneno yakaanza, na maneno ya kijijini hayalipiwi nauli. Huyu akasema mtoto katupiwa kitu, yule akasema ni pepo la ukoo, mwingine akasema mama alikula samaki fulani akiwa na mimba. Ernestine alizunguka miaka mitatu. Aliombewa, akachanjiwa mtoto chale, akapewa mizizi ya kuchemsha. Siku aliyompeleka hospitali Mpanda kwa ajili ya malaria ndipo muuguzi mmoja alipomtazama mtoto kwa muda mrefu akamwambia, "Mama, hii inaitwa usonji." Ernestine hakuwahi kulisikia neno hilo. Akauliza dawa yake. Akaambiwa haina dawa, ina shule.

Shule yenyewe ilikuwa mjini, chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Watoto kumi na wanne na Mwalimu Agatha, mama mtu mzima wa Kifipa, mnene, asiye na haraka na kitu chochote duniani. Alikuwa na kadi za picha alizozichora mwenyewe: kikombe maana yake maji, mlango wa bati maana yake choo, sahani maana yake nina njaa. Kwa mwaka mmoja Thacienne alijifunza kuonyesha kadi badala ya kujigonga kichwa ukutani. Akajifunza kufunga vifungo, kwenda chooni peke yake, kuvumilia kengele. Siku ya kwanza mtoto alipomletea mama yake kadi ya kikombe akiwa nyumbani, Ernestine alimmiminia maji huku analia, mpaka kikombe kikafurika.

Kumfikisha huko ndiyo kazi. Kila alfajiri Ernestine alimfunga binti yake kwa kanga kwenye karia ya baiskeli, juu ya gunia lililokunjwa, akakanyaga saa nzima na nusu. Mvua ikinyesha barabara ile inakuwa uji, hapo mtu anashuka na kusukuma. Akishamfikisha, anauza ndizi na karanga karibu na soko mpaka watoto watoke, halafu anakanyaga tena kurudi. Wanaume walimcheka kwa kuwa baiskeli ni ya kiume. Aliwaambia hata yeye aliambiwa ni ya kiume, lakini tangu ainunue haijawahi kukataa.

Sasa sikiliza jinsi ile shule ya pili ilivyoingia. Wiki moja Mwalimu Agatha aliitwa semina, kitengo kikafungwa. Thacienne akabaki nyumbani siku moja tu. Siku ya pili aliwafuata watoto wa jirani mpaka shule ya kijijini, akaingia darasa la pili, akakaa karibu na dirisha. Walimu walijaribu kumtoa akashika dawati kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu wa wakati ule, Mzee Didace, akasema mwacheni. Wakampa karatasi na penseli. Mtoto yule alinakili ubao wote, kuanzia tarehe kule juu mpaka mchoro wa ng'ombe, mkia na kwato zake. Mjini alikuwa bado anafundishwa vifungo na zipu. Hakuna aliyejua kuwa mkono wake umeshakomaa kuandika.

Wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wanaruka kamba. Thacienne haruki. Lakini alishika ncha moja ya kamba na kuanza kuizungusha, sawasawa, bila kuchoka wala kudai zamu yake. Nani ana mtoto wa namna hiyo? Wasichana wenzake walimpenda kwa faida yao wenyewe, na mapenzi ya faida yanadumu. Wakamwita Tasi. Ndani ya mwezi mmoja walishajua kwamba Tasi hashikwi begani ghafla, na kwamba mtu asipige kelele karibu na sikio lake.

Ernestine alimpelekea Mwalimu Agatha habari hizo akiogopa kwamba atakasirika. Mwalimu hakukasirika.

"Mama Thacienne, mimi namfundisha kuishi," alisema. "Hilo usiliache, bado anahitaji sana. Lakini hapa kwangu hana mwenzake wa kusoma naye, na hawa watoto wanatoka mbali, wakimaliza kila mmoja anakwenda kwao. Wale wa kijijini ndio atakaozeeka nao. Wanatakiwa wamzoee wakiwa bado wadogo."

Basi Mwalimu Agatha na Mzee Didace wakapigiana simu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mjini. Alhamisi na Ijumaa, kijijini. Wakakubaliana, wakataniana kidogo, maana Mzee Didace ni mtu wa Kigoma, na Mfipa na mtu wa Kigoma wakikutana hawakosi utani, wakakata simu. Hakuna aliyeandika kitu. Na hapo ndipo kosa lilipokaa, kwa sababu Desemba Mzee Didace alihamishiwa upande wa Kibaoni, na makubaliano ya mdomo huhama na mwenye mdomo.

Januari akaja mwalimu mkuu mpya, mtu wa miwani na mafaili, na mwalimu mpya wa darasa la tatu alikoingia Thacienne, kijana anaitwa Alex. Darasa moja, watoto mia moja ishirini na sita. Mwishoni mwa Februari, Ernestine akiwa anapalilia, mgambo alimletea barua shambani. Aliisoma amesimama na jembe mkononi. Mtoto wake ni mtoro sugu. Afike ofisi ya mtendaji wa kata Jumatano saa tatu asubuhi, na achague shule moja, la sivyo atafikishwa mahakamani kwa kosa la kumnyima mtoto elimu.

Kumnyima elimu! Yeye aliyemaliza tairi tatu kwa mwaka kwa ajili ya hiyo elimu. Aliikunja barua akaitia kifuani, akaendelea kupalilia, na siku ile alikata mahindi mengi kuliko magugu.

Neno lililomchoma zaidi lilikuwa "achague". Baba yake, Mzee Celestin, aliwahi kukalishwa mbele ya meza kule Katumba, yeye na maelfu ya wenzake, wakaambiwa wachague: kurudi Burundi au kuwa raia wa hapa. Alichagua hapa, na hakujuta. Lakini kaka yake alichagua kule, na wale wawili waliokuwa wanakula sahani moja hawakuonana tena mpaka mmoja akafa. Ernestine alikuwa binti mdogo, na alibaki na chuki na meza yoyote yenye neno hilo juu yake.

Alimpigia simu Ladislas. Kelele za ziwa na wapakuaji zikasikika, halafu mumewe akasema, "Mama Tasi, labda tuchague tu. Serikali haishindwi."

"Umechoka wewe unayekanyaga baiskeli?" Ernestine akamuuliza. Ladislas akacheka kwa aibu, akasema basi, fanya unavyoona. Na kesho yake akatuma nauli ya kumkodishia pikipiki akachukue nakala ya rejista ya kitengo kwa Mwalimu Agatha, yenye saini na muhuri. Si mtu mbaya Ladislas.

Jumatano ile Ernestine aliingia ofisini akiwa amemshika Thacienne mkono, na mkoba wa kitambaa begani. Mtendaji, Bwana Manyanda, Msukuma mrefu mwenye kope nzito, alikuwa nyuma ya meza. Mwalimu mkuu alikaa kulia kwake na rejista ya darasa la tatu mapajani. Mwalimu Alex alikaa karibu na mlango, anatazama viatu vyake. Ernestine alisalimia, akakaa. Thacienne hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangazo la kipindupindu ukutani, akaanza kufuata maandishi kwa kidole, herufi baada ya herufi.

"Mama, watu wazima tunasema njia mbili zilimshinda fisi," mwalimu mkuu alianza. "Huwezi kuwa na mtoto huku na huku. Mfumo una namba moja ya mwanafunzi. Mpeleke mjini moja kwa moja, huko ndiko wanakojua watoto wa aina hiyo. Hapa ananiharibia asilimia za mahudhurio."

"Mimi si fisi, mwalimu," Ernestine alijibu. "Fisi alikuwa anafuata harufu ya nyama. Mimi nafuata ratiba."

Mtendaji alikohoa kuficha cheko. Ernestine akatoa nakala ya Mwalimu Agatha, akaiweka mezani, akaeleza makubaliano ya zamani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jumatatu hadi Jumatano mtoto yupo mjini, hizo hapo alama zake, hakuna siku hata moja iliyokosekana. Alhamisi na Ijumaa yupo hapa. Waunganishe hizo rejista mbili watapata mtoto mzima wa siku tano. Alijiona ameshinda tayari.

Bwana Manyanda alichukua rejista ya darasa la tatu, akaifungua kwenye jina la Thacienne, akapitisha kidole kwenye mstari. Akarudia. Kisha akamgeuzia Ernestine ile rejista.

Sifuri. Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri, Jumatano sifuri, hizo alizitegemea. Lakini Alhamisi sifuri. Ijumaa sifuri. Tangu shule ifunguliwe Januari, mstari wote sifuri, kama mtu aliyemwaga shanga.

"Sasa mama," mtendaji alisema, na safari hii hakukuwa na cheko, "Alhamisi na Ijumaa mtoto huyu anakwenda wapi? Maana mjini hayupo, na hapa hayupo. Unamtumikisha shambani?"

Kila Alhamisi alimfikisha getini kwa mkono wake mwenyewe. Kila Ijumaa mchana alimkuta uwanjani anazungusha kamba. Au alikuwa anatoka darasani na kwenda kujificha? Au alifukuzwa akakaa nje siku nzima, na hawezi kusema? Hilo wazo la mwisho lilimuuma mpaka akashindwa kuongea, na kwa watu waliomjua, Ernestine kushindwa kuongea ni jambo la kuitia majirani.

"Unaona?" mwalimu mkuu akasema. "Tunamaliza tu kwa amani. Saini hapa kwamba anahamia mjini."

Karatasi ikasogezwa. Kalamu ikawekwa juu yake. Na hapo, badala ya kuchukua kalamu, Ernestine aliingiza mkono kwenye mkoba. Alikuwa amebeba madaftari ya mtoto kwa sababu nyingine kabisa. Alitaka tu waone mwandiko, wajue kwamba huyu siyo wa kufungiwa. Alilifungua daftari la hisabati. Juu ya kila ukurasa palikuwa na tarehe, maana Thacienne haachi kitu kilichoandikwa ubaoni. Na chini ya kila zoezi palikuwa na alama za vema, wino mwekundu, na saini.

Alikaa akiitazama saini ile. Kisha damu ikamrudi, yote kwa mpigo.

"Mwalimu Alex," aliita taratibu, "hii saini ni ya nani?"

Kijana alisogea akaangalia. "Yangu," akasema.

"Basi nisomee. Alhamisi, tarehe kumi na sita Januari, maswali kumi, vema tisa. Bwana mtendaji, tazama kwenye hiyo rejista yao, tarehe kumi na sita."

Bwana Manyanda akatafuta. "Sifuri."

"Ijumaa, tarehe kumi na saba. Vema kumi. Mwalimu kaandika 'safi sana'."

"Sifuri."

"Alhamisi, tarehe sita Februari."

"Sifuri."

"Tarehe saba. Tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi na nne, hapa kakosea moja, nawaambia nyie ukweli, sifichi." Sauti sasa ilikuwa inapanda, na nje watu waliokuja kugongewa mihuri walianza kusogelea dirisha. "Huyu mtoro wenu anawatumia kazi kutoka wapi? Anaituma kwa upepo? Asiyekuwepo mnamsahihishia vipi?"

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta. Mwalimu Alex alikuwa anatazama daftari, halafu rejista, halafu yule binti pale ukutani, na uso wake ulianza kubadilika.

"Huyu ndiye Thacienne?" akauliza kwa sauti ndogo. "Huyu wa dirishani? Wenzake wanamwita Tasi. Mimi nilidhani jina lake liko kwingine kwenye orodha. Na madaftari yananijia yamefunguliwa tayari, majina ya juu siyatazami." Akaonyesha ile rejista. "Naita majina asubuhi, mama. Mia moja ishirini na sita. Ninainamisha kichwa naita, anayesema 'nipo' naweka kistari. Anayenyamaza..."

"Anayenyamaza unamfuta."

"Sikujua kama hasemi."

"Hukutazama," Ernestine alisema. "Kusema hasemi, lakini kuonekana anaonekana. Mwanangu ana kimo, ana sare, ana kichwa kilichosukwa na mimi mwenyewe. Miezi miwili anakaa mbele yako anakuandikia, na wewe unaandika kwamba hayupo. Halafu mimi ndiye wa kupelekwa mahakamani."

Kijana wa watu alikuwa na machozi. Ernestine aliyaona na hayakumgusa, si kwa siku hiyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na wake wa kumtosha.

Bwana Manyanda alifunga rejista. Alimgeukia mwalimu mkuu, akamuuliza kama bado ana hoja. Mwalimu mkuu alisema hoja ya mfumo iko palepale, namba ni moja, na hata kama ni makosa ya mahudhurio, mshika mawili moja humponyoka. Heri mama achague.

"Mwalimu, umekuja hapa na nini?" Ernestine alimuuliza.

"Na baiskeli."

"Katoe gurudumu moja, uchague lile unalolipenda, kisha urudi nalo shuleni."

Dirishani watu waliangua kicheko, na safari hii mtendaji hakujisumbua kukohoa. Alivuta karatasi nyeupe. Akasema namba itabaki ya shule ya kijijini, na siku tatu za mjini ziandikwe kuwa yuko masomoni kwa ruhusa, kwa barua ya Mwalimu Agatha kila mwezi. Iwe hivyo mpaka muhula uishe, halafu ataliandikia suala hilo kwa afisa elimu.

"Mpaka mwaka uishe," Ernestine alisema.

"Mama, nimeshakusaidia."

"Hujanisaidia, umesoma tarehe. Muhula unaisha Juni, Julai mtaniita tena niache shamba. Mpaka mwaka uishe, na makubaliano haya yaandikwe, siyo ya mdomo, ya mdomo yameshaniponza. Na muhuri. Nakala moja naondoka nayo sasa hivi."

"Njoo Jumatatu uchukue, karani hayupo."

"Jumatatu nipo mjini na mtoto. Ninasubiri." Akajiweka sawa kwenye benchi. Thacienne alishamaliza tangazo la kipindupindu akaanza la mbolea ya ruzuku. Mtendaji alimtazama mama, akamtazama mtoto, akaona hapa atalala na watu ofisini. Akaandika mwenyewe kwa mkono wake, nakala tatu, akagonga muhuri mara tatu kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Ernestine hakushukuru. Baadaye wanawake wenzake walimlaumu kwa hilo, wakasema angalau asante, mkubwa ni mkubwa. Aliwajibu kwamba asante ni ya anayekupa chake, siyo ya anayekurudishia chako.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Alimfikisha Thacienne getini kama kawaida, lakini hakurudi shambani. Alizunguka nyuma ya darasa la tatu, akasimama pembeni ya dirisha, miguu kwenye majani yenye umande. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa pili. Ndani Mwalimu Alex alifungua rejista, akaanza kuita, na watoto wakaitikia mmoja baada ya mwingine, nipo, nipo, nipo. Kisha akaita, "Thacienne Ladislas."

Kimya. Thacienne alikuwa anachonga penseli.

Wasichana wawili watatu wa kamba wakadakia kwa pamoja, "Yupo, mwalimu!"

"Nyamazeni," Mwalimu Alex akasema. Alikuwa ameshainua kichwa. Aliweka kalamu chini, akatafuta kwenye yale madawati, safu kwa safu, mpaka akafika dirishani. "Namwona mwenyewe."

Akaandika. Ernestine alibaki pale nje akiwa ameshika mdomo kwa mkono wake mgumu, asije akasikika darasani.